Kifo cha Ghafla Huanza Zamani: Kitambi, Presha, Sukari na Ukuta wa Mshipa wa Damu



Wapendwa Taifa la Mungu, katika mazishi mengi tunayoyaadhimisha miaka hii, wasifu wa marehemu husomwa kwa maneno yanayokaribiana sana: alikuwa mzima wa afya, jana yake alikuwa shambani au dukani, akaanguka, akafariki. Mara nyingi ni baba au mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye watoto ambao bado wanasoma. Kabla hata matanga hayajaanuliwa, minong'ono huwa imekwisha kuanza. Aligombana na nani juu ya mpaka wa shamba? Nani alimkaribisha chakula siku ile? Jirani mzee anayeishi peke yake huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni, na ndugu waliolia pamoja kaburini hurudi nyumbani wakiwa maadui.

Makala hii inahusu vifo vya namna hiyo. Kanisa halina sababu ya kuogopa maelezo ya jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa maana mwili ni kazi ya Mungu, na anayeijua kazi humjua zaidi aliyeifanya. Jambo tutakaloliona ni hili: vifo vingi tunavyoviita vya ghafla vilianza miaka kumi, ishirini, hata thelathini kabla, katika ukuta wa mshipa wa damu, bila maumivu yoyote. Na kwa kuwa vilianza zamani, ulikuwapo muda wa kuvizuia.

Ndugu watano wa nyumba moja

Tumezoea kuyataja magonjwa haya moja moja. Huyu ana presha, yule ana sukari, mwingine ameambiwa kuwa damu yake ina mafuta mengi, na mwingine ana kitambi tu, tena kitambi chenyewe twakisifu kuwa ni dalili ya maisha mazuri. Mwaka 1988 daktari Mmarekani Gerald Reaven, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitoa mhadhara ulioonesha kwamba presha, sukari na mafuta ya damu havikutani katika mtu mmoja kwa bahati. Huambatana kwa sababu vina shina moja. Leo madaktari huuita mkusanyiko huo sindromu ya umetaboli, yaani hali ambamo mwili umeharibikiwa katika namna yake ya kutumia na kuhifadhi chakula.

Mwaka 2009 mashirika makubwa ya kimataifa ya moyo na kisukari yalikubaliana juu ya vipimo vitano vya kuitambua hali hiyo. Cha kwanza ni kiuno kilichopanuka. Kwa sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara, kipimo kilichopendekezwa ni sentimita 94 au zaidi kwa mwanaume, na 80 au zaidi kwa mwanamke. Cha pili ni mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi yakifikia milimoli 1.7 kwa lita au zaidi. Cha tatu ni upungufu wa kolesteroli iitwayo HDL, ile ambayo wengi huiita kolesteroli nzuri: chini ya 1.0 kwa mwanaume na chini ya 1.3 kwa mwanamke. Cha nne ni shinikizo la damu linalofikia 130 kwa 85, au mojawapo ya namba hizo mbili kupita kiwango hicho. Cha tano ni sukari ya 5.6 au zaidi, ikipimwa asubuhi kabla ya kula. Mwenye vitatu kati ya vitano hivyo, au anayetumia dawa kwa ajili ya baadhi yake, anayo sindromu ya umetaboli.

Tuziangalie namba hizo kwa makini. Kwa kawaida mtu huambiwa ana ugonjwa wa presha akifikia 140 kwa 90, na kisukari akifikia 7.0 kabla ya kula. Vipimo vya sindromu viko chini ya hapo. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kutoka zahanati akiwa ameambiwa presha yake iko juu kidogo tu, sukari iko juu kidogo tu, na uzito umezidi kidogo tu, akamshukuru Mungu kwamba haumwi. Lakini hizo "kidogo" tatu zikikaa katika mwili mmoja hufanya kazi pamoja, kama ndugu watatu wanaobeba gogo ambalo mmoja wao peke yake asingeliweza. Mtu huyo, katika miaka mitano hadi kumi inayofuata, ana hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa ipatayo mara mbili ya mwenzake asiye nayo, na hatari ya kupata kisukari ipatayo mara tano.

Insulini inapobisha hodi

Shina la mambo haya ni nini? Tukila ugali, makande au ndizi, au tukinywa chai yenye sukari, sehemu kubwa ya chakula hicho hugeuka kuwa sukari inayosafiri katika damu. Hapo kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Kazi ya insulini ni kubisha hodi kwenye seli za misuli, za ini na za mafuta, ili zifungue mlango na kuipokea sukari. Kinachobaki bila kutumika huwekwa akiba kama mafuta.

Akiba hiyo ni hekima ya Muumba. Wazee wetu wa tambarare za Same, Makanya na Hedaru, ambako mvua inaweza kukosekana msimu mzima, waliivuka miaka ya njaa kwa sababu mwili unajua kuweka akiba. Lakini ghala lililojengwa kwa ajili ya miaka ya njaa halikutazamiwa kujazwa kila siku bila kufunguliwa. Nafasi ya chini ya ngozi ikizidiwa, mafuta huanza kujipanga mahali pasipo pake: tumboni kuzunguka utumbo, ndani ya ini, na ndani ya misuli. Mafuta hayo ya tumboni hayakai kimya. Humwaga asidi za mafuta katika damu, na hutoa kemikali zinazowaamsha askari wa mwili kana kwamba kuna kidonda, ilhali kidonda hakipo.

Katika hali hiyo seli huwa kama mtu aliyelala fofofo: insulini inabisha hodi, mlango haufunguliwi. Kongosho nalo hutuma insulini zaidi ili ibishe kwa nguvu zaidi. Kwa miaka kadhaa sukari huonekana ni ya kawaida, kwa sababu tu kongosho linafanya kazi ya ziada usiku na mchana. Wakati huohuo ini lenye mafuta hutengeneza trigliseridi nyingi, HDL hushuka, na insulini iliyozidi huzifanya figo zishikilie chumvi, jambo ambalo husaidia kupandisha presha. Siku kongosho linapochoka, sukari hupanda, na mgonjwa husema kisukari kimeanza leo. Kwa kweli siku hiyo ndipo kilipoonekana.

Mfereji ambao tope lake limo ukutani

Sasa tuone jinsi ndugu hawa wanavyofika moyoni. Sisi tuliozaliwa au tunaotumwa katika milima hii tunaijua ndiva, lile bwawa dogo ambamo maji ya mlimani hukusanywa usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa mifereji. Tunajua pia kwamba mfereji usiposafishwa hujaa tope, na shamba la mwisho hukauka ingawa ndiva imejaa. Moyo ni ndiva yetu, na mishipa ya ateri ni mifereji yake.

Mfano huo unatusaidia, ila una mahali unapoishia. Watu wengi hudhani mafuta huganda ndani ya mshipa kama tope linavyotulia juu ya sakafu ya mfereji. Uharibifu halisi hutokea ndani ya ukuta wenyewe. Mshipa wa ateri umefunikwa kwa ndani na utando mwembamba sana, laini, unaoishi. Utando huo huamua kipi kipite na kipi kisipite, na hutoa gesi inayoulegeza mshipa ili damu ipite kwa raha. Presha ya juu huupiga utando huo bila kupumzika. Sukari nyingi huuharibu. Moshi wa sigara huutia sumu. Kemikali zitokazo kwenye mafuta ya tumbo huufanya unate. Hapo vifurushi vya kolesteroli viitwavyo LDL, ambavyo kwa mwenye sindromu hii mara nyingi huwa vidogo na vingi, hupenya chini ya utando na kunasa humo.

Vikishanasa, huharibika. Chembe nyeupe za damu huja kuvisafisha. Huvimeza, zikashiba kupita kiasi, zikabaki palepale zikiwa zimejaa mafuta kama povu. Huo ndio mwanzo wa ugonjwa ambao kitaalamu huitwa aterosklerosi: uvimbe wa mafuta ndani ya ukuta wa ateri, ambao baada ya miaka hufunikwa na kovu gumu. Ukuta huvimba, mshipa hukakamaa, na mara nyingi mwenyewe hahisi kitu. Mshipa unaweza kuwa umeziba karibu nusu na mtu bado akapanda kutoka Mwembe hadi Mbaga.

Siku ya mwisho huja pale kovu linapopasuka. Damu inakutana na mafuta yaliyokuwa yamefichwa, inaona jeraha, na inafanya kile ambacho Mungu aliifundisha kufanya penye jeraha: inaganda. Donge hilo huuziba mshipa kwa dakika chache. Likitokea kwenye mishipa inayoulisha moyo, ni shambulio la moyo. Likiziba mshipa unaokwenda kwenye ubongo, ni kiharusi. (Kipo pia kiharusi kinachotokana na mshipa wa ubongo kupasuka, na hicho sababu yake kubwa ni presha ileile.) Kilichokuwa cha ghafla ni kile kipasuko cha mwisho tu.

Somo kutoka kwa majirani zetu Wamaasai

Mtu anaweza kuuliza: je, ni nyama na mafuta tu vinavyoleta hayo yote? Majirani zetu wa nyikani, Wamaasai, wamelisaidia swali hilo kuliko wanavyojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann alikuja Tanganyika kuwachunguza, kwa kuwa chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na damu, na hata hivyo dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno kwao. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha fariki.

Matokeo yake yanastahili kutafakariwa. Uvimbe wa mafuta ulikuwamo katika kuta za mishipa yao, na katika mishipa ya moyo unene wa kuta uliwafikia wazee wa Marekani. Lakini vipasuko na madonge yalikuwa machache sana, na mishipa yao ilikuwa mipana kuliko kawaida, kiasi kwamba damu iliendelea kupita vizuri. Watafiti walidhani sababu ni mwendo: watu waliotembea na mifugo maisha yao yote walikuwa wameipanua mifereji yao. Haimaanishi kwamba mafuta hayana madhara. Ukuta ulikuwa na ugonjwa. Inaonesha tu kwamba miguu ilikuwa imewapa kinga ambayo sisi tunaiacha kila siku tunapopanda bodaboda kwenda dukani, mahali ambapo mama zetu walifika kwa miguu wakiwa na mzigo wa tangawizi kichwani.

Milima haitukingi

Wapo wanaosema magonjwa haya ni ya Wazungu, au ya matajiri wa Dar es Salaam. Zamani ilikuwa na ukweli. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa Donnison aliandika juu ya watu 1,000 aliowapima Nyanza, nchini Kenya: presha yao haikupanda kwa kadiri walivyozeeka. Huko Uganda, daktari Hugh Trowell, ambaye baadaye alipadrishwa katika Kanisa Anglikana, alifanya kazi miaka mingi kabla ya kuandika, mwaka 1956, juu ya Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Naye alikuwa hakimu mnene aliyewahi kuishi Uingereza. Damu ya Mwafrika haikuwa na kinga ya pekee. Maisha yake ndiyo yaliyomkinga, na maisha yalipobadilika kinga ikaondoka.

Hapa kwetu mabadiliko hayo yamepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanyika katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ulikuta kisukari kwa mtu asiyefika mmoja kati ya watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikikuta kwa takriban watu 9 kati ya 100. Umri wa waliopimwa haukulingana kabisa, lakini tofauti ni kubwa mno kuweza kupuuzwa. Uchunguzi huohuo wa 2012 ulikuta presha ya juu kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne.

Na wanaoishi mlimani wasijifariji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwalinganisha watu wa Ilala, Dar es Salaam, na watu wa Shari, kijiji cha wilaya ya Hai katika mkoa wetu huuhuu. Kisukari kilikuwa kingi zaidi mjini. Lakini presha ya juu ilikuwa sawasawa: karibu watu wazima watatu kati ya kumi, Ilala na Shari pia. Linaloumiza zaidi ni kwamba kati ya wenye presha, wasiofika mmoja kati ya watano ndio walioijua hali yao. Takriban mmoja kati ya kumi alitumia dawa. Na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika mmoja kati ya mia. Watu walikuwa wakilima kahawa na migomba, wakiimba kwaya Dominika, huku kuta za mishipa yao zikiharibika na hakuna aliyewaambia.

Vijana wetu wanaoondoka kwenda mjini nao wana habari yao. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuata watu zaidi ya 200 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wameongezeka wastani wa kilo mbili na zaidi, na wanaume wenye kazi za nguvu walikuwa wameshuka kutoka karibu wanane kati ya kumi hadi chini ya watatu. Mwaka mmoja tu ulitosha kuonesha mwelekeo. Tunapowapokea wakati wa Noeli na kuwaambia, "Umenawiri, mjini kumekupenda," tukumbuke tunachokisifu.

Juu ya uchawi, sala na dawa

Nirudi kwenye minong'ono ya msibani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulichunguza jinsi watu wanavyokielewa kiharusi. Wengi wangetarajia imani za ushirikina zitawale vijijini. Ilikuwa kinyume: ni Dar es Salaam ambako wengi walikihusisha na majini na uchawi, na huko Hai watu walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Kwa hiyo mtu wa mlimani akipewa maelezo ya kweli huyapokea. Kinachokosekana ni mwenye kumweleza.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili yako wazi. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye hakukubali ugonjwa ugeuzwe kuwa mashtaka. Tunapomtuhumu bibi kizee kwa kifo kilichotokana na presha ya miaka ishirini, tunatenda dhambi dhidi ya ukweli na dhidi ya jirani, na katika nchi yetu tuhuma za namna hiyo zimeua watu. Vilevile tusimgeuzie mgonjwa mwenyewe mashtaka hayo. Wapo wembamba wenye presha, wapo waliorithi kisukari, na wapo maskini wanaokula kinachopatikana. Mgonjwa anahitaji kusindikizwa, hahitaji kuhukumiwa.

Juu ya dawa, Yoshua bin Sira katika sura ya 38 anafundisha kwamba tabibu ameumbwa na Mungu na kwamba dawa hutoka ardhini kwa mapenzi yake. Mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi. Vyote viwili, kwa utaratibu huo. Anayeacha vidonge vya presha kwa sababu ameombewa anakikataa kipawa kimoja cha Mungu kwa jina la kingine. Vidonge hivyo kwa kawaida haviponi ugonjwa kama dawa ya malaria; huushika usipande. Presha ikisoma vizuri, ni kwa sababu dawa inafanya kazi, na hapo ndipo pa kuendelea nayo mpaka daktari aseme vingine.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 hadi 2290, inatufundisha kwamba uhai na afya ni amana tuliyokabidhiwa, kwamba tusiufanye mwili kuwa sanamu ya kuabudiwa, na kwamba kiasi ni fadhila inayohusu chakula, pombe, tumbaku na hata dawa. Kiasi ni njia ya katikati kati ya anayelidharau tumbo lake na anayelitumikia.

Tufanye nini?

Kwanza, tupime. Mwenye miaka 40 na kuendelea, au mwenye kitambi, au mwenye mzazi aliyepata presha, kisukari au kiharusi, apimwe presha na sukari walau mara moja kwa mwaka. Kiuno kinaweza kupimwa nyumbani kwa futi ya fundi cherehani: izungushwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani.

Pili, chakula. Makande yetu ya mahindi na maharage, mboga za majani na matunda ni chakula chema, kwa kiasi. Yanayotuharibia zaidi yamekuja pembeni: soda kila mgeni afikapo, vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja, chipsi, maandazi ya mafuta, na chumvi inayoongezwa mezani. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa yote iliyomo katika chakula. Mgeni anaweza kuheshimiwa kwa maji safi, ndizi na mazungumzo. Nasi mapadre, ambao kila nyumba hutuandalia kuku na soda, tusijitoe katika hesabu hii.

Tatu, miguu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kwamba watu waliokaribia kisukari, wakilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mlima tunao tayari. Hatuhitaji kununua mashine.

Nne, tuache sigara kabisa, na pombe tuipunguze.

Tano, mfungo. Sheria ya kufunga wakati wa Kwaresima inawahusu wenye umri wa miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60, na wagonjwa hawabanwi nayo. Anayetumia dawa za kisukari asifunge bila kumwuliza daktari, kwani sukari inaweza kushuka ikamwangusha. Achague sadaka nyingine. Wala asiache dawa asubuhi kwa sababu anakwenda Misa: mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo hauvunjwi na maji wala dawa, na wazee na wagonjwa wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo.

Sita, tuzijue dalili. Maumivu au uzito kifuani unaosambaa mkononi, shingoni au tayani, pamoja na jasho la baridi na pumzi fupi, ni dharura. Kwa akina mama na kwa wenye kisukari maumivu ya kifua yanaweza kukosekana, ukabaki uchovu wa ghafla, kichefuchefu au kukosa pumzi. Uso kupinda upande, mkono kulegea, maneno kutatizika: hicho ni kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kutoka Vudee au Chome barabara ni ndefu, basi safari isicheleweshwe kwa kutafuta kwanza aliyemroga.

Wazee wetu walikuwa na msaragambo. Pembe au mbiu ilisikika, kila nyumba ikatoa mtu, mfereji ukasafishwa kabla maji hayajakatika. Hakuna aliyengoja shamba la mwisho likauke. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinaweza kufanya vivyo hivyo: WAWATA na UWAKA wamwalike mhudumu wa afya na mashine yake ya presha baada ya Misa, kila jumuiya iwe na orodha ya wanaotumia dawa ili wakumbushwe na kusaidiwa nauli, na wakati wa msiba awepo mmoja mwenye ujasiri wa kusema mbele ya wafiwa kwamba ndugu yetu alikuwa na presha, na kwamba sote tuliobaki tukapime.

Mtakatifu Luka, aliyekuwa tabibu kabla ya kuandika Injili, atuombee. Mungu awabariki.